Picha Iliyo Juu ya Meza ya Chakula

Katika nyumba yetu hapa Morogoro, juu ya meza ya chakula, ipo picha ya kanga wawili. Si kanga za kuvaa, bali wale ndege wa porini wenye madoadoa meupe. Imechorwa juu ya kipande cha hadibodi cha futi mbili kwa futi mbili, kwa rangi ya mafuta ya aina ile iliyokuwa ikipakwa kwenye baiskeli. Mke wangu aliinunua Dar es Salaam mwaka 1994. Mimi sikutaka inunuliwe. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikula chini yake nikiwa na hakika kwamba naijua thamani yake, na kwamba thamani hiyo ni ndogo. Katika kurasa hizi nataka kuihukumu upya, na kumweleza msomaji kwa nini hukumu yangu ya kwanza haikusimama.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na kwa sababu ya uhaba wa walimu nilibebeshwa pia somo la uchoraji. Nilihakiki picha kama nilivyozoea kuhakiki tamthilia na riwaya. Nilitafuta fani, nikatafuta maudhui; niliuliza dhamira ni ipi na ujumbe ni upi, na mwisho nikatoa uamuzi kama msanii amefaulu ama hakufaulu. Utaratibu huo siukatai hata leo, maana umewasaidia vijana wengi kusoma kwa makini. Lakini una kasoro moja ambayo wakati ule sikuijua: unamwezesha mtu kumaliza kuihukumu kazi kabla hajamaliza kuitazama.

Mwaka huo wa 1994 tulikuwa safarini kwenda Masasi kwa wakwe zangu. Tulilala siku mbili Dar es Salaam kwa shemeji yangu, Msasani, na asubuhi ya siku ya pili mke wangu akasema twende tukaone picha za Tingatinga pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Tulizikuta zimeegemezwa ukutani na kutundikwa kwenye misumari, nyingi kama shuka za sokoni: twiga, simba, tembo, mbuyu, mlima. Nilipita nikizitazama kama mkaguzi wa shule. Yeye alifika mbele ya wale kanga wawili akasimama, na alisimama sana.

"Baba Neema, hii twende nayo," akasema.

"Mama Neema, hizi ni picha za watalii."

"Basi na tuwe watalii leo. Si tumesafiri?"

Alilipa shilingi elfu sita kutoka katika fedha zake mwenyewe za kuuza vitumbua, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Aliifunga picha ndani ya doti ya kanga, akanichekea kwamba sasa kanga wamevaa kanga.

Pengine msomaji kijana hajui jina la picha hizi lilitoka wapi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vinginevyo. Hakusomea uchoraji darasani. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kawaida za dukani. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, mahali ambapo wageni wengi walifika kununua mahitaji yao. Jamaa zake na vijana wa kwao wakajifunza kwake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi, kwa makosa, akiwa mtu wa miaka arobaini. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo neno tingatinga ni jina la aina nzima ya uchoraji, na linajulikana hata nje ya Tanzania.

Basi hizi ndizo hoja zangu za wakati ule, kama nilivyozifundisha darasani. Kwanza, nilisema picha hizi hurudiwarudiwa. Twiga wa leo ni twiga wa jana, na mchoraji huyu humwiga yule bila haya. Pili, huchorwa kwa ajili ya mgeni, nazo humwonyesha mgeni anachotaka kukiona. Tatu, hazina mtu: nchi nzima imejaa simba na tembo, kana kwamba hakuna anayelima, anayeoa, anayezika wala anayepika. Nne, na hapo wanafunzi walipenda kuandika haraka, niliwakumbusha methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha inayongoja mtalii kando ya duka, nilisema, inajitembeza. Nilijiona nimesema neno zito.

Tulisafiri na picha ile kuelekea kusini. Wakati huo Mto Rufiji haukuwa na daraja upande ule; Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na siku hiyo tulikuta foleni ndefu ya malori na mabasi. Tulikaa tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Abiria walitandika mikeka chini ya miti. Mke wangu alifungua kikapu chake: mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chai katika chupa. Tukawakaribisha jirani zetu wa basini, nao wakaleta machungwa na korosho. Hakuna hoteli iliyowahi kunilisha vizuri kama ukingo ule wa mto.

Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Tunduru aliuliza kilichofungwa ndani ya kanga ni nini. Mke wangu akamfunulia. Mzee aliitazama picha, akaisogeza mbali kidogo na uso wake, kisha akasema maneno machache tu.

"Hawa wamesikia kitu."

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilidhani anafanya mzaha. Nilikuwa na shahada yangu, na yeye alikuwa na jembe lililofungwa kwa kamba. Sikumuuliza amejuaje. Maneno yake niliyaacha pale pale mtoni, na yalichukua zaidi ya miaka ishirini kunifikia.

Njiani tulipumzika siku moja Kilwa Masoko, tukavuka kwa dau kwenda Kilwa Kisiwani. Hapo mimi nilikuwa nyumbani. Nilimweleza mke wangu habari za Ibn Battuta aliyefika kisiwani mwaka 1331. Nilimwonyesha Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba zake, kisha tukatembea hadi kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane linaloitazama bahari. Nilisema mengi juu ya uwiano wa majengo. Alinisikiliza kwa adabu, akazunguka kuta zile pole pole, kisha akauliza, "Jiko lilikuwa wapi?"

Nilimwambia kwamba hilo si jambo la kwanza ambalo mtu huliuliza. Akajibu kwamba kwake ndilo la kwanza, maana wafalme na mafundi wote walikula. Swali lake niliona ni swali la kike tu, na aibu ya kuandika hivyo leo naibeba mwenyewe. Angalia ninavyojipinga, msomaji: picha niliilaumu kwa kuwa haina mtu anayepika, lakini katika jumba la wafalme niliona dharau kuulizwa jikoni kulikuwa wapi.

Masasi tulipokewa kwa ugali wa muhogo, kisamvu na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini ambavyo watu wa kusini huvimenya kwa vidole huku wakizungumza. Mama mkwe aliiweka picha juu ya kabati kwa wiki zote mbili tulizokaa, na tulipoondoka alitaka kujua kama tuna hakika tunaichukua.

Sasa nije kwenye hoja ya kurudiarudia, maana hiyo ndiyo niliyoitegemea kuliko zote. Hiyo ilibomolewa na samaki wa nazi.

Mke wangu hupika samaki wa nazi karibu kila wiki tangu tulipooana mwaka 1978. Sina haja ya kufanya hesabu. Ni mara nyingi. Siku moja, baada ya mimi kustaafu na kuanza kushinda nyumbani, nilikaa jikoni nikamtazama. Mkono wa kulia ulikoroga tui ili lisikatike. Kisha akadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akaonja, akafikiri, akaongeza ndimu. Akaonja tena. Nikamuuliza kwa nini anaonja kitu alichokipika maisha yake yote. Akasema, "Nazi ya leo si ya juzi. Na samaki huyu simjui."

Nilitoka nje nikakaa barazani. Nilikuwa nimewafundisha vijana kwa miaka mingi kwamba kurudia ni ukosefu wa ubunifu, na kumbe mchana huo huo nilikuwa nakula kazi iliyorudiwa mara elfu moja na isiyofanana na nyingine hata mara moja. Kurudia si kosa. Mshairi hurudia vina na mizani, fundi wa milango ya Unguja hurudia maua na minyororo aliyoachiwa na fundi wake, na mpishi hurudia chungu kile kile. Kosa ni kurudia bila kuonja. Swali la kuuliza mbele ya picha ya tingatinga, basi, si kama twiga huyu ameshachorwa na wengine. Amechorwa, na atachorwa tena. Swali ni kama mkono uliomchora leo ulikuwa bado unaonja.

Nilipata nafasi ya kupima wazo hilo kwa picha mbili. Mwaka 2009 mimi mwenyewe, kwa haraka ya safari, nilinunua tingatinga nyingine dukani ili nimpelekee rafiki, na safari ikavunjika, picha ikabaki kwetu. Ilikuwa na twiga watatu, mbuyu mmoja na Mlima Kilimanjaro nyuma. Tuliitundika karibu na ile ya kanga. Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na mtu aliyeiona tena. Ilikuwa imekwisha, kama pipi. Nilipoitazama kwa makini nikaona sababu. Madoa ya twiga yalikuwa yametiwa kwa ukubwa mmoja tangu shingoni hadi mguuni, kana kwamba mnyama ni kitambaa bapa. Matawi ya mbuyu yalitoka kushoto na kulia kwa idadi sawa. Theluji ya mlima ilikuwa nyeupe tupu. Mchoraji hakuwa mvivu, maana kazi ilikuwa safi na rangi haikumwagika. Lakini hakuwa ameonja.

Mambo yangekomea hapo, na mimi ningebaki mhakiki aliyesahihisha hoja yake moja, kama isingekuwa maradhi.

Mwaka 2017 mke wangu alianza kujigonga kwenye milango. Akawa anamwaga chai kando ya kikombe. Tulidhani ni uzee na miwani. Daktari wa macho alipompima alituambia ni presha ya macho, na kwamba imeanza zamani. Ugonjwa huo una hila: mara nyingi hauumi, nao huanza kula pembeni, katikati ukapaacha, hivyo mtu huendelea kusoma gazeti huku dunia inapungua pande zote mbili. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone huzuia kilichobaki kisiondoke upesi. Tangu siku hiyo namtia matone kila jioni, na leo yeye huona kama mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo.

Hakulia mbele yangu. Alilolisema, tulipokuwa mezani wiki ile, ni hili: "Baba Neema, kanga mmoja simwoni tena. Nikimtazama huyu, yule anaondoka. Niambie kuna nini pale."

Nikaanza kumweleza. Nilisema ni picha yenye uwiano wa kadiri, yenye rangi kali zisizochanganywa sana, na kwamba mchoraji kwa kiasi fulani...

Akanikatiza. "Sikukuuliza kama ni nzuri. Nimekuuliza kuna nini."

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekula chini ya picha ile kwa miaka ishirini na mitatu, na sikuweza kusema kanga wa kulia anatazama wapi. Niliinuka, nikavaa miwani, nikasogeza kiti. Nikaanza kuitazama kwa mara ya kwanza.

Nilimwambia hivi. Anga ni ya njano chini, halafu inageuka machungwa, na juu kabisa ni nyekundu, na mahali rangi hizo zinapokutana brashi imepitishwa wakati bado mbichi, hivyo hakuna mpaka. Ardhi ni mstari mmoja wa kijani kibichi cheusi. Kanga wa kushoto ameinama kidogo, mdomo wake uko karibu na punje tatu nyeupe, lakini hazigusi. Mguu wake mmoja umekosewa. Umetokea mbele mno, kama mguu wa kuazima. Kanga wa kulia amesimama wima. Shingo yake ameigeuza kuelekea nyuma kuliko shingo ya ndege yeyote inavyoweza kugeuka bila kuvunjika. Madoa yao yanaanza makubwa mgongoni, yanapungua kuelekea kifuani, na shingoni yanakuwa kama chembe za chumvi. Mtu aliyeyatia alibadilisha kijiti, pengine mara tatu, ili yapungue hivyo. Juu ya kichwa cha kanga wa kulia kuna nafasi tupu, kubwa kupita kiasi, yenye wekundu mtupu.

Nilipofika hapo nikanyamaza, maana yalinijia maneno ya yule mzee wa pantoni. Hawa wamesikia kitu. Yule aliyeinama ameacha kula. Yule aliyesimama amegeuza shingo kuelekea kule sauti inakotoka, na nafasi ile tupu ndiyo sauti yenyewe. Mzee alikuwa mkulima. Kanga wamemlia mbegu maisha yake yote, na anajua wanavyosimama wakisikia hatua za mtu. Aliihakiki picha kwa maneno matatu, nami nikamcheka.

Tena mtu yumo. Hachorwi, lakini yumo; ndiye anayesikiwa. Hoja yangu ya tatu ilianguka mbele ya meza ya chakula, mchuzi ukipoa.

Tangu hapo tumefanya hivyo kwa vitu vingi. Mwaka 2018 Neema alitupeleka Bagamoyo, tukaenda kwenye magofu ya Kaole. Mtembezaji alitaka kutusimulia kaburi analoliita la wapendanao, ya mume na mke wanaosemekana kuzama baharini. Mke wangu akasema wapendanao wakae, yeye anataka kushika kuta. Nikamwongoza mkono hadi kwenye vishimo vya mviringo katika nguzo za makaburi, nikamweleza kwamba humo zamani vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Akaingiza vidole akazunguka ukingo. "Vya kulia?" akauliza. Nikasema ndiyo, ni aina ya vyombo ambavyo mtu angeweza kulia. Akafurahi. Wazee wale walitaka kuwapamba wafu wao, wakachukua kitu kizuri walichokijua, nacho kilikuwa bakuli. Nadhani hilo ndilo jibu la swali lake la Kilwa, lililochelewa.

Nimerudi pia, kwa sababu yake, kwenye kazi za George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, Mmakonde wa kusini. Zamani nilimweka fungu moja na wachora twiga. Sasa namweleza mke wangu mashetani yake kutoka katika kitabu chenye picha: wana masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza, wamebanana kama abiria wa daladala, na wanafanya yale yale tufanyayo sisi. Wanabeba, wanasengenya, wanakula, wanabishana. Mke wangu hucheka na kutaja majirani kwa majina. Kama mtu anataka kuona kwamba uchoraji wetu haukusahau nyumba na chungu, na aanzie hapo. Ila naongeza neno la lawama: mashetani ya Lilanga hayapumziki. Kila pembe imejaa, na jicho linalochoka halipati pa kukaa. Kwa mtu mwenye jicho dogo lililobaki, ile anga nyekundu tupu juu ya kanga ni sadaka. Hilo nisingelijua bila yeye kuniambia.

Je, nimeziacha hoja zangu zote? La. Picha nyingi zinazouzwa kwa wageni ni dhaifu, na kuzisifu kwa sababu ni zetu ni kuwakosea wachoraji wanaoonja. Mguu wa kanga wa kushoto umekosewa, na mapenzi yangu hayaurekebishi. Na bado nasubiri picha moja ambayo sijaiona: mwanamke amekaa nje ya duka la Oyster Bay, hadibodi zimeegemea ukuta nyuma yake, rangi hazijakauka vizuri, naye anamwita mpita njia. Aliyefanya jina la mumewe litoke nyumbani likavuka bahari ni yeye. Kizuri chajiuza, niliwaambia wanafunzi. Sasa najua kwamba kizuri nacho kinahitaji mtu wa kukitembeza, na mara nyingi mtu huyo hatajwi kwenye saini iliyo pembeni ya picha.

Saini hiyo pia niliisoma kwa mara ya kwanza mwaka ule wa 2017. Ni jina moja fupi, na rangi yake imefifia. Nimeamua kutoliandika hapa, kwa kuwa yawezekana mwenyewe yu hai na hajaombwa ruhusa. Lakini nikipata kukutana naye ningemwambia kwamba kazi yake imekaa mahali pema: imepata moshi wa samaki, imepata vidole vya wajukuu wanaohesabu madoa na kila mara kupata idadi nyingine, na imetazamwa na mama mmoja kwa jicho lililobaki kila siku ya Mungu.

Jana jioni, baada ya matone, tulikaa kula. Mjukuu wetu mdogo, anayependa kuuliza, alitaka kujua ile picha ni ya nini. Nilifungua kinywa nimweleze habari za Tunduru, na hadibodi, na mwaka 1968. Mke wangu akanigusa mkono.

"Mwache atazame kwanza," akasema. "Halafu atuambie kuna nini."

Mtoto akasimama juu ya kiti. Sisi tukaendelea kula, tukisubiri.